Foronya Juu ya Beseni

Mama Dobi hakuwa na nyumba. Hakuwa na mume tangu mwanawe alipokuwa anatambaa. Hakuwa na shamba, hakuwa na pensheni, maana hospitali ilimweka kwenye vibarua hadi siku mgongo ulipomgomea. Hakuwa na meno ya upande wa kushoto, na kwa sababu hiyo hakuwa na hamu ya nyama. Hakuwa na mjukuu. Hakuwa na kitasa kwenye mlango wa chumba chake, wala mtu wa kumpigia hodi kabla ya kuingia. Macho yake yalikuwa ya mbali: aliweza kukuambia nani anateremka barabarani na amebeba nini kichwani, lakini ukimpa karatasi aliinyoosha mpaka mkono ukaisha, na bado herufi zilitembea kama sisimizi.

Alikuwa na kitu kimoja tu, na alikitembeza mtaani kifua mbele. Alikuwa mama wa Mwalimu Mkuu.

Jumamosi moja mwanawe alipoingia jikoni, akavuta kigoda, akakaa naye goti kwa goti na kumkabidhi miwani mipya ndani ya kasha lake, machale yalimcheza. Macho alikuwa ameyalalamikia miaka, na jibu lilikuwa lile lile, tutaona mwisho wa mwezi. Mwezi huu ulikuwa bado mbichi.

"Vaa, mama, tuone."

Akavaa. Mikunjo ya viganja vyake ikamrukia usoni.

"Unaona vizuri?"

"Naona. Nani kafa?"

Mkuu akacheka. Mtaa mzima ulimwita Mkuu, na mama yake naye alimwita hivyo mbele za watu. Wakiwa wawili alimwita baba, kama akina mama wengi wanavyowaita wana wao.

"Hajafa mtu. Kwani mwana kumnunulia mama yake miwani ni kosa?"

"Si kosa, baba. Ni kioja."

"Basi zoea vioja. Jumatatu tuna mgeni, wakili wangu. Ana karatasi moja, utaisoma mwenyewe kwa macho yako, utatia saini. Ni hilo tu."

Kumbe. Mama Dobi akaivua miwani, akairudisha kwenye kasha polepole, kama mtu anayerudisha kitu dukani.

Habari yenyewe aliijua, na nani hakuijua? Mke wa Mkuu, ambaye watu walimwita Msusi kwa kuwa alikuwa na saluni karibu na stendi, aliondoka nyumbani na begi moja akahamia kwenye chumba cha nyuma ya saluni yake. Watu wakasema ni ugomvi wa kawaida, atarudi. Hakurudi. Baadaye akasimama kwenye mkutano wa wanawake katika ukumbi wa manispaa, akashika kipaza sauti, akasema mumewe alikuwa akimpiga. Hakumtaja jina, ila alisema mume wangu, na mume alikuwa mmoja. Mtu akarekodi. Haikupita siku, maneno yale yakawa kwenye kila simu, pamoja na simu za wazazi wenye mabinti shuleni kwa Mkuu. Wakati huo Mkuu alikuwa anasubiri barua ya kupandishwa cheo awe mkaguzi wa shule. Barua haikuja. Naye akaenda mahakamani kumshtaki mkewe kwa kumchafulia jina.

Mama Dobi hakuwahi kusikiliza maneno hayo. Mkuu alimkataza, akisema yatampandisha presha, na presha alikuwa nayo kweli.

Kusema haki, siku hiyo hakumshuku mwanawe kwa jambo lenyewe. Alichokishuku ni miwani. Mtu akitaka useme kweli tupu, ya nini kukuhonga?

Jumapili alikuwa uani anaanika nguo, kichwa cha jirani kikachomoza juu ya ukuta. Jirani huyu watu walimwita Redio, na yeye hakuchukia.

"Shoga, umeamkaje?"

"Nimeamka."

"Nasikia wakili anakuja."

Mama Dobi akabana kibanio kwenye kola ya shati la mwanawe. "Umesikia wapi?"

"Mimi nasikia. Kusikia ndiyo kazi yangu, mshahara tu ndio sijauona. Sasa nikwambie. Huyo mkweo kapangwa. Mwanamke aliyekaa ndani kimya miaka yote hiyo, leo maneno kayaokota wapi? Kuna watu nyuma yake. Anataka nusu ya nyumba."

"Wewe ulishasikia kelele kutoka hapa?"

Redio akafikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo hakulizoea. "Kelele, hapana. Na ukuta huu naujua. Mtu akikohoa huko, mimi huku nampa pole."

"Basi."

"Basi. Ila nyumba yenu ilikuwa kimya mno, shoga. Watu wenye ndoa yao hugombana hata kwa chumvi. Ninyi mlikuwa kama maktaba." Kisha akashusha sauti. "Lakini usinitaje. Siku hizi naogopa hata kusema mvua imenyesha, nisije nikapelekwa mahakamani na mawingu."

Kichwa kikazama nyuma ya ukuta. Mama Dobi akabaki na kibanio mkononi. Kapangwa au hakupangwa? Msusi alikuwa mkwe wa maneno machache. Alimwamkia kwa adabu, alimsuka bila kuombwa, alimpakulia kwanza yeye mezani. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Mama Dobi hakuwahi kumsamehe.

Nguo za kufua zilikuwa na kapu lake, na Mama Dobi alizifua kwa hiari, kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure. Lakini kuna asubuhi alikuta foronya imetandazwa juu ya beseni lake, doa la damu likitazama juu. Haikukunjwa, haikufichwa, haikulowekwa. Mwanamke mzima, mwenye mikono yake, anamwachia mama mkwe damu afue, tena kwa kuitandaza. Mara ya kwanza alimuuliza. Msusi akajibu, "Pua ilitoka damu, mama," kisha akaendelea kusimama pale pale kama mtu anayesubiri swali la pili. Mama Dobi hakuwa na swali la pili. Mara zilizofuata hakuuliza hata la kwanza. Alichota maji baridi, akatia chumvi, akafikicha, akaanika. Kufikia mchana foronya ilikuwa nyeupe pee.

Hivyo ndivyo alivyofunzwa. Katika chumba cha kufulia cha hospitali mashuka yalishuka kwa marobota, na msimamizi alikuwa na amri moja, kwamba ni mwiko kuuliza damu ni ya nani. Ukianza kuuliza, alisema, utawajua waliozaa na waliokufa, na kazi haitaisha. Mama Dobi alikuwa mwanafunzi wake bora. Kwake doa lilikuwa doa, na alijisifu kwamba hakuna lililowahi kumshinda.

Wakili alikuja Jumatatu saa za chai, na viatu vinavyolia. Alikuwa kijana mwenye sauti laini, ile sauti inayokufanya ushike mkoba wako. Akasifu chai, akasifu sakafu, akasifu hata mapazia. Mama Dobi alizipokea sifa zake kama mtu anayepokea chenji gizani.

"Sheria yenyewe si ngumu, mama," Wakili alisema. "Mtu akisema maneno ya kukuvunjia heshima mbele za watu, una haki ya kumshtaki. Naye ana njia ya kujiokoa: athibitishe kwamba alichosema ni kweli. Akithibitisha, hakuna kashfa tena, hata kama maneno yanauma kiasi gani. Akishindwa, ataomba radhi hadharani, atayafuta maneno yake, na atalipa."

"Na huyu hawezi kuthibitisha?"

"Kwa lipi? Hakwenda polisi. Hakwenda hospitali. Hana picha. Na ndani ya nyumba mlikuwa watatu. Yeye ana lake, Mkuu ana lake. Wa tatu ni wewe." Akatabasamu. "Wewe ndiye kesi, mama."

Mkuu alikuwa amesimama dirishani. "Mama yangu hajui kusema uongo," alisema.

"Wala hatumwombi uongo," Wakili akajibu, akasukuma karatasi mezani.

Mama Dobi akavaa miwani, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, kama alivyofundishwa kwenye darasa la watu wazima. Akasoma: Niliishi katika nyumba hiyo muda wote wa ndoa yao. Kweli. Sikuwahi kumwona mwanangu akimpiga mkewe. Kweli. Sikuwahi kusikia kelele wala kilio. Kweli. Sikuwahi kuona jambo lolote la kunitia shaka.

Kidole kikasimama.

"Hili la shaka," akasema.

"Hilo ni la kufungia tu, mama."

"Na yeye alisema nini hasa? Siwezi kumpinga mtu kwa maneno ambayo sijayasikia."

Mkuu akageuka kutoka dirishani. "Mama, presha yako."

"Presha yangu naijua mimi, baba."

Wakili alishafungua jalada. Alikuwa mtu wa utaratibu, na mtu wa utaratibu akiulizwa swali la jalada lake hafurahi mpaka alijibu. "Ana haki ya kusikia, Mkuu. Kwanza sheria inatutaka tuyaandike neno kwa neno. Hatuwezi kusema tu kwamba katutukana." Akasoma bila kupandisha wala kushusha sauti, kama anayesoma vipimo vya mlango. "'Alikuwa akinipiga akishafunga mlango. Alinikandamizia mto usoni ili mama yake asisikie. Nilikuwa natema damu kwenye foronya.' Ndiyo hayo."

Nje kuku wa Redio alikuwa anatangaza yai lake.

"Sasa mama, tutumie akili ya kawaida," Wakili akaendelea, akifunga jalada. "Mtu ateme damu miaka, halafu nyumba nzima isiwe na foronya moja yenye doa? Mkuu kanitembeza. Kabati lote jeupe kama pamba."

"Hiyo ni kazi ya mama," Mkuu akasema na kucheka. "Kwake doa halilali."

Mama Dobi hakucheka. Kijasho chembamba kilimtoka nyuma ya masikio, hapo miwani ilipokaa. Akaivua.

"Macho yameniuma. Ndiyo kwanza nayazoesha. Niachieni karatasi, nitaisoma tena."

"Ni mistari minne, mama," Mkuu akasema.

"Basi haitakimbia."

Kati ya wale wanaume wawili lilipita jicho, na Mama Dobi akaliona. Wakili akasema hakuna haraka, Jumatano atarudi kuichukua. Akaiacha pamoja na nakala ya hati ya madai.

Kesho yake Mama Dobi aliaga kwamba anakwenda kliniki kupimwa presha. Hakwenda kliniki. Alikata kushoto kwenye stendi, akapita wauza viatu, akasukuma mlango wa saluni.

Ndani kulinuka nywele za moto na dawa. Msusi alikuwa anamsuka mteja mmoja mnene aliyesukwa nusu kichwa, na nusu nyingine imesimama kama imeona simba. Alimwona mama mkwe wake kwenye kioo kabla hajageuka, na vidole vyake vikaendelea kusuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umetumwa?"

"Nimekuja kwa miguu yangu."

"Hata miguu hutumwa. Toa simu, mama, uiweke hapo mezani niione."

Mama Dobi akaitoa, simu ndogo ya tochi iliyofungwa kwa mpira. "Hii itarekodi nini? Mwanga?"

Mteja akacheka mpaka mabega yakatikisika, akavutwa nywele, akaacha. Msusi hakucheka.

"Wakili wangu kaniambia nisizungumze na shahidi wa upande wa pili. Watasema nimekurubuni."

"Mimi si shahidi wa mtu. Sijatia saini."

Vidole vikasita kidogo, vikaendelea.

"Basi sema ulilokuja nalo. Mimi nasuka. Sikuahidi kujibu."

Mama Dobi akamtazama mteja.

"Mimi msinijali," mteja akasema. "Nikisukwa huwa sisikii."

"Zile foronya," Mama Dobi akasema. "Ulikuwa unazitandaza juu ya beseni. Mimi nilidhani ni dharau."

Msusi alimaliza msuko aliokuwa nao, akaubana mwisho wake, na alipozungumza aliongea na kioo.

"Na mimi nilidhani unamsaidia. Ya kwanza nikasema labda hakuelewa. Nikajiambia, huyu kafua damu ya hospitali nzima, hii ya pili ataisoma. Ukachota maji. Ya tatu ukachota maji. Nikaanza kukuogopa wewe kuliko yeye, mama. Nikasema kumbe hawa wamepatana, mmoja anachafua, mwenzake anasafisha."

"Lakini nilikuuliza. Ukasema pua."

"Nilisema pua. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, nyuma yako."

Mama Dobi akatafuta pa kukaa. Kulikuwa na kiti chenye taulo mbichi. Akakaa juu ya taulo.

"Kwa nini hukuniambia siku nyingine, tukiwa wawili?"

"Ningekwambia wewe, mama yake? Wewe unayeamka unamtaja, unalala unamtaja?" Msusi akageuka sasa, mara ya kwanza, akamtazama ana kwa ana. "Na hata leo nitajuaje kama hukutumwa? Huenda ukatoka hapa ukaandika kwamba nimekufundisha maneno. Nenda nyumbani, mama. Sikuombi kitu. Watu watasema niliomba."

Alirudi kwa miguu ili apate muda. Njia nzima alibishana na nafsi yake. Jibu la Msusi lilikuwa limekaa vizuri mno, na mwongo hodari naye hupanga jibu likakaa. Mumewe mlangoni, ndiyo, ni rahisi kusema. Mama Dobi akajaribu kuikumbuka asubuhi ile: beseni, sakafu yenye maji, miguu ya mkwe wake ikiwa peku. Mlango ulikuwa mgongoni pake. Hakugeuza shingo. Angejuaje?

Tena alikuwa na deni gani kwa mwanamke huyu? Mwanawe alimzaa mwenyewe, akamlea kwa mishahara ya kibarua, akamsomesha kwa mikono iliyochubuka kwa magadi. Akitia saini, maisha yataendelea. Asipotia, atalala wapi? Hilo nalo alilitazama usoni, hakujidanganya.

Mkuu alirudi kutoka shuleni jua likiwa bado juu. Akamkuta mama yake mezani, karatasi iko mbele yake.

"Umetia saini?"

"Nitatia. Ila kuna mstari nataka kuongeza."

"Mstari gani?"

"Kwamba nilikuwa nafua damu."

Mkuu akaweka mkoba chini. "Damu ya pua ile, mama."

Mama Dobi akaipima kauli hiyo upande huu na upande ule. Foronya zilishatajwa jana, mtu yeyote angeziunganisha. Lakini pua haikutajwa.

"Nani alikwambia ni pua?"

"Si alisema mwenyewe?"

"Alisema. Aliniambia mimi, uani, asubuhi. Wewe hukuwepo."

"Nilikuwepo, mama, nilikuwa mlangoni pale pale. Ulimuuliza, akasema pua. Nilisikia kwa masikio yangu, kwa hiyo hakuna cha kuongeza."

Alilisema kwa haraka na kwa ushindi kidogo, kama mwalimu aliyepata jibu kabla ya darasa. Hakujua amesema nini. Mama yake alijua. Akajikaza kisabuni, akanyoosha mkono kuichukua karatasi.

Mkuu akamshika kifundo cha mkono.

Hakumshika kwa nguvu za kuumiza. Alimshika kwa nguvu za kuzuia tu, huku sauti yake ikiwa ya upole ule ule wa siku ya miwani. "Nyumba hii ni yangu, mama. Unakula hapa, unalala hapa, dawa zako nanunua mimi. Ukiandika mstari huo utanimaliza. Sasa nisaidie nikusaidie."

Kisha akamwachia, na alipomwachia hakumtazama usoni. Aliuinua ule mkono akaugeuza upande wa dirisha, kwenye mwanga, akatazama ngozi. Alikuwa anatazama kama pamebaki alama. Akaona hapana, akaushusha mkono taratibu juu ya meza.

"Samahani, mama," akasema. "Nina mawazo mengi."

Mama Dobi alikuwa amefanya kazi moja maisha yake yote, na mtu aliyezoea kazi humtambua mwenzake kwa mambo madogo. Mtu anayeshika mara moja kwa hasira huona haya, hutazama pembeni, huomba radhi kwa macho. Yeye mwanawe alikagua. Alijua pa kutazama, alijua atazame kwa mwanga upi, na ilikuwa imemtoka yenyewe, kama mkono wa dobi unavyokwenda kwenye kola. Hilo halikuwa la mara ya kwanza.

"Hakuna neno, baba," akasema. "Kula kwanza."

Asubuhi ya Jumatano alingoja hadi Mkuu alipoondoka kwenda shuleni. Akatia nguo zake kwenye mfuko, na dawa za presha, na hati ya madai, iliyokuwa na anwani za pande zote mbili chini ya ukurasa wa mwisho. Ile ya mistari minne aliiacha mezani, bila saini. Redio alichungulia juu ya ukuta akauona mfuko.

"Shoga, safari?"

"Safari."

"Ya wapi?"

"Ukijua utaitangaza. Usipojua utabuni. Chagua mwenyewe."

Kuna mwanamke aliyefua naye mashuka, anayeishi upande wa pili wa mji. Huyo alishamwambia kwamba chumba cha uani kina kitanda. Lakini kabla ya huko alikwenda posta. Alinunua karatasi na bahasha, akaomba kalamu, akasimama kwenye kibao cha pembeni kinachoyumba.

Kuandika kulimpa tabu kuliko alivyotegemea. Mara ya kwanza aliandika kwamba mwanangu alikuwa anampiga mkewe, akaikata. Hilo hakuliona. Na kama kuna somo alilolipata kwa Wakili, ni kwamba usimwandikie mtu jambo usiloweza kulisimamia. Akaanza upya kwenye karatasi nyingine, herufi kubwa kubwa, akisoma kila neno kwa midomo:

*Kwa Wakili wa Mlalamikiwa. Mimi ni mama mzazi wa mlalamikaji. Niliishi nao nyumba moja. Sikumwona akimpiga. Sikusikia kelele. Lakini mara nyingi asubuhi nilikuta foronya zina damu juu ya beseni langu, nami nilizifua kwa maji baridi na chumvi mpaka zikatakata. Ndiyo sababu hakuna hata moja iliyobaki na doa. Mkwe wangu aliniambia ni pua, na mwanangu amekiri mwenyewe kwangu jana kwamba alikuwa amesimama mlangoni aliposema hivyo. Jana hiyo hiyo alinishika mkono, akatazama kama ameniachia alama. Hakuna aliyenituma wala kunilipa. Niko tayari kuyasema haya mahakamani mbele yake.*

Akatia saini kwa jina lake lote. Akaisoma tena toka mwanzo, akitafuta kama ametia chumvi mahali. Hakuona. Akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akaubana mfuniko kwa kiganja mpaka ukashika kila upande.

Karani wa posta, mwanamke mwenye muhuri mkononi, alisoma anwani, kisha akasoma jina la mtumaji, kisha akamtazama usoni.

"Wewe si mama yake Mkuu? Binti yangu anasoma pale."

Mji mzima ulikuwa na mabinti pale. "Ndimi," akasema.

"Unaandikia mawakili siku hizi."

"Nauliza bei ya barua, binti yangu. Ya rejista, ya kupokewa kwa saini."

Karani akaipima, akaibandika stempu, akaigonga muhuri, akaandika risiti. Halafu akaiweka kwenye rundo pembeni ya kiwiko chake, si kwenye mfuko.

"Mbona umeiweka hapo?"

"Itaingia kwenye mfuko, mama. Gari bado."

"Nitasubiri nione inaingia."

"Huniamini?"

"Leo simwamini mtu. Usikasirike."

Karani akamwangalia kidogo, kisha akaichukua ile bahasha, akaiinua ili mama aione pande zote mbili, akaitumbukiza kwenye mfuko wa turubai na kukaza kamba. Mama Dobi hata hivyo hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la mlangoni, risiti ndani ya kiganja, mpaka gari la posta likaja, dereva akautupa mfuko nyuma, akafunga milango, akawasha, akaingia barabara kuu.